Pipi za Limau

9 Februari

Mdogo wangu mpendwa,

Salamu kutoka nyumbani. Natumaini wewe, wifi yangu na wanangu hamjambo, na vumbi la saruji bado halijakugeuza sanamu. Sisi huku tu wazima. Shemeji yako yuko vilevile, analinda lango la shule kana kwamba kuna mtu anayetaka kuiba madawati. Mpwa wako amemaliza masomo yake ya uhasibu, kazi hajapata, kwa hiyo yuko nami kwenye duka la mikate, anakanda unga kwa uso wa mtu aliyeonewa. Paka wa stoo amezaa tena. Nadhani ameshaamua kwamba ile ni wodi yake.

Najua umepiga simu mara nyingi. Naiona ikiita, naiacha. Usinune. Simu siiwezi, ndiyo maana nakuandikia kama watu wa zamani.

Mionzi ilikwisha, hilo unalijua. Uvimbe uliokuwa nyuma ya ulimi hawauoni tena. Walinichungulia kwa kile kijibomba chao cha puani, wakaridhika, wakanipa mkono wa pongezi. Lakini uvimbe haukuondoka peke yake, umeondoka na mate. Daktari anasema tezi zinazotengeneza mate ziko humu mashavuni na chini ya taya, na mionzi ilipopita njia hiyo ikaziunguza. Labda zitaamka kidogo baadaye, labda ndiyo basi. Anasema aliniambia kabla ya kuanza. Inawezekana. Aliniambia nikiwa nawaza kufa, na anayewaza kufa hasikii habari za mate.

Wewe hujui mate ni nini, na mimi nilikuwa sijui. Nikiongea, baada ya sentensi mbili tatu ulimi unagandia juu kama stempu kwenye bahasha, halafu unabanduka kwa mlio. Kwenye simu watu wananiambia, "Mtandao wako mbaya." Si mtandao, ni mimi.

Siku niliyorudi dukani, mikate ya kwanza ilipotoka tanurini nilikata ncha, ile iliyoungua kidogo, nikaitia mdomoni kama nilivyofanya miaka yote. Ikawa pamba. Nikatafuna, nikatafuna, na pamba ikazidi kuwa nyingi kuliko mkate niliouweka. Mwisho nikaitema kwenye aproni. Mpwa wako aliona, akageuka kupanga trei ambazo zilikuwa zimeshapangwa.

Basi dada yako sasa ni mwokaji asiyeweza kumeza mkate. Cheka, ruhusa.

Likizo yako lini? Njoo tuonane.

Dada yako


27 Februari

Dada mpenzi,

Shikamoo. Barua yako imenikuta chini ya mtambo, mikono imejaa grisi, nikampa mwenzangu anishikie mpaka nitoke. Akaisoma bahasha mbele na nyuma, akasema siku hizi nani anaandika barua, labda unashtakiwa mahakamani.

Huku wote wazima. Wifi yako anashona sare za shule usiku na mchana, cherehani inalia mpaka nimezoea kuota treni. Kifungua mimba wetu ameng'oka meno mawili ya mbele, anaongea kwa miluzi. Mdogo wake anamwonea wivu, anavuta ya kwake kwa uzi.

Nimesoma habari ya mdomo wako, nikaumia. Lakini nilipomaliza kuumia nikafikiri kama fundi. Kitu kikikauka hukiachi, unakitafutia mafuta. Sisi humu kiwandani vumbi linatukausha kinywa kutwa nzima, na dawa yetu ni moja: pipi za limau. Kila mtu ana kopo lake mfukoni. Unaweka moja shavuni, mate yanajaa kama bomba lililopasuka. Nimekutumia makopo mawili kwa posta. Usinyonye moja moja kama mgeni, nyonya kama mtu wa kiwandani.

Likizo niliomba. Mwezi ujao wanazima tanuru kubwa kwa matengenezo, na wakati huo fundi haachiwi. Likishawashwa tutaona.

Shemeji mpe salamu. Mpwa wangu mwambie mjomba anasema unga nao una hesabu zake.

Mdogo wako


30 Machi

Mdogo wangu,

Hamjambo? Sisi hatujambo, na leo nasema hatujambo kwa sauti.

Kifurushi chako nilikipokea mwenyewe. Sikungoja kufika nyumbani. Nilifungua kopo pale pale posta, nikatia moja shavuni. Kwanza hakikutokea kitu, ni kama kuweka kokoto kwenye mchanga. Nikasema moyoni, mdogo wangu naye kwa mbwembwe. Halafu chini ya ulimi, upande wa kushoto ambao mionzi haikuukaanga sana, pakachoma kidogo. Kisha pakaloa. Nakuambia pakaloa! Nilikaa kwenye ngazi za posta nikalia, mpaka mlinzi akaja kuniuliza ni msiba wa nani.

Sasa ni pipi asubuhi, pipi mchana, pipi nikikanda unga. Nikilala naacha moja shavuni, inayeyuka taratibu. Jana niliongea na mteja tangu alipoingia mpaka alipotoka bila ulimi kunata. Hakujua kwa nini nilikuwa nacheka.

Si kwamba mengine yamekaa sawa. Wiki iliyopita nilitia chumvi, na simaanishi nilipiga porojo. Ulimi wangu hauioni chumvi tena. Nilionja donge, nikaona halina kitu, nikaongeza, nikaonja tena, nikaongeza. Mwalimu mkuu wa shule ya shemeji yako alirudisha mikate yake kwa adabu zote, akasema, "Mama, leo naona mkono umeteleza." Mpwa wako alibeba trei zote nyuma, akamwaga donge lililobaki, akaanza upya. Tangu siku hiyo anayeonja ni yeye. Mimi nashika tu unga kwa vidole, mikono bado inajua.

Na nyumbani siku hizi nakula stoo. Usimwambie mtu. Kila tonge linataka kusindikizwa na maji, na likigoma nakohoa mpaka shemeji yako anainuka mezani. Akiinuka, chakula chake kinapoa naye hakirudii tena. Kwa hiyo nawaambia nimeshakula kazini. Kule stoo nakaa juu ya gunia, nakohoa kwa raha zangu.

Lakini pipi zako, mdogo wangu! Mungu akuzidishie. Kopo la kwanza limebaki robo.

Tanuru lenu likiwashwa unijulishe.

Dada yako


18 Mei

Dada mpenzi,

Shikamoo. Haraka haraka, kuna gari linaondoka sasa hivi. Huku wazima. Wifi yako alishikwa na mafua, yamepita.

Barua yako nimewasomea karakana nzima. Pale uliposema pakaloa, msimamizi wetu, ambaye hacheki hata akitekenywa, alivua kofia. Wote wanasema dawa imetoka kwetu. Wamechanga makopo, ndiyo haya. Wananiita daktari sasa. Mtu akikwaruzwa na bati anakuja kuniuliza anyonye pipi ngapi.

Mate yamerudi yote au bado? Uniandikie kwa kirefu, wananiuliza kila siku.

Tanuru liliwashwa, likagoma, limezimwa tena. Likizo itasogea kidogo.

Mdogo wako


21 Julai

Mdogo wangu,

Salamu. Samahani kwa kuchelewa, unga ulikuwa umeadimika nikawa nahangaika huku na huku. Sasa umepatikana, mweusi kidogo, lakini unaumuka.

Shemeji yako hajambo. Shule imefungwa, analinda madarasa matupu, anasema ndiyo kazi ngumu zaidi maana hakuna wa kugombana naye. Mpwa wako aliitwa kwenye usaili, akarudi akafunga aproni yake, nami sikuuliza. Mvua imenyesha ikavunja bomba la nyuma ya duka. Amekuja fundi, amelifunga kwa raba, linavuja tu.

Makopo yalifika. Washukuru wote, na msimamizi avae kofia yake. Zile nilizonazo zinatosha sasa, usihangaike kutuma tena. Posta ni mbali na wewe una watoto wa kulea.

Mwezi uliopita nilipita kwa daktari wa meno, kukagua tu. Kuna huyu wa hospitali, msichana mpole sana. Amenipa dawa ya meno ya aina yake na maneno mengi.

Nakunywa uji mwepesi. Nimepungua, magauni yananizunguka. Shemeji yako anasema nimerudi usichana, nikamwambia usichana gani huu usio na mashavu.

Nikicheka siku hizi nafunika mdomo. Ni mazoea tu.

Wasalimie.

Dada yako


10 Agosti

Dada,

Shikamoo. Tu wazima, watoto wanakusalimu. Wa kwanza meno yameota, makubwa kama ya sungura.

Barua yako nimeisoma mara tatu nikitafuta ulipoandika habari za mate. Sikuziona. Umeniandikia habari za bomba. Halafu unasema nisitume tena. Nikajiuliza, nimekosea nini? Au ni mwiko mimi kumsaidia dada yangu? Ulipokuwa hospitali chini ya kile kinyago cha mionzi sikuwepo. Ulipotoka sikuwepo. Kitu kimoja ambacho nimefanya mwaka huu kikafaa ni pipi, nacho unanifungia mlango kwa maneno ya adabu.

Basi nimekaidi. Dereva wa lori letu anapita huko, nimempa katoni nzima. Hutaenda posta wala popote, atakuletea mpaka dukani. Nyonya, upone, urudi kunigombeza kwa simu kama zamani.

Mpwa wangu alinitumia picha mliyopiga dukani. Wote mmetazama mbele isipokuwa wewe. Kulikuwa na nini upande ule?

Tanuru sasa linataka matofali mapya ndani.

Mdogo wako


25 Oktoba

Mdogo wangu mpendwa,

Hamjambo nyote? Nimekawia sana, najua. Siku nyingine nilishika kalamu nikaiweka.

Katoni ilifika. Ahsante. Niliwagawia watoto wa shule, wakanipigia makofi. Dereva wako alitaka kusubiri anione nikila moja ili akakusimulie, nikamwambia nimefunga.

Najua umeumia, na mimi sikutaka uumie. Hapa nakueleza ili usinitafutie makosa kwenye barua. Meno yangu yamekatika. Hayakung'oka, yamekatika usawa wa ufizi, moja baada ya jingine, kama chaki. La kwanza lilibaki kwenye uji. Fikiria, uji! Yaliyobaki yana rangi ya chai. Picha ile uliyoiona, upande niliotazama hakukuwa na kitu.

Mionzi ndiyo inayofanya hivyo. Madaktari wanasema kwa watu kama mimi ni kawaida.

Kung'oa visiki nako kuna shida yake. Mfupa wa taya uliopigwa na mionzi ukiutonesha haufungi kirahisi. Wananiangalia kwanza. Kuna upande mmoja unaniuma, nimejifunga kitambaa nikitoka. Wateja wananipa pole ya jino, nawajibu kwa kichwa.

Dukani nakaa zaidi nyuma. Mpwa wako anauza, anakanda, anaonja. Amekuwa mkali kwa wenye kuchelewa kuleta hamira, nikimsikia najisikia mimi. Ule mkono wa kupima donge pia ameupata. Ingekuwa mwaka mwingine ningefurahi sana.

Basi tafadhali, pipi usitume tena. Ni hilo tu. Usiniulize sana.

Dada yako


6 Novemba

Dada,

Shikamoo. Huku hatujambo.

Niliposoma habari za meno nilishindwa kula. Wifi yako akasema, kukaa na njaa hakumsaidii wifi yangu, nenda ukaulize dawa. Nikaenda kwenye zahanati ya kiwanda na barua yako mfukoni. Nikamsomea muuguzi mzee wa pale, akaisikiliza yote. Akauliza, "Huyo dada anakula nini chenye sukari?" Nikamwambia hali sukari, anakunywa uji, labda na pipi za kuloanisha kinywa, mimi mwenyewe ndiye ninayemtumia. Nikatoa kopo mfukoni kumwonyesha. Nilikuwa najivuna, dada. Mpaka wakati ule nilikuwa bado najivuna.

Alilishika lile kopo, akalisoma, akanirudishia. Akasema, "Kaa hapo kwenye benchi kwanza."

Alichoniambia sikiandiki, nadhani unakijua. Nakuuliza neno moja. Je, ni pipi zangu? Usinipe habari za paka, wala za bomba. Nijibu ndiyo au hapana.

Mdogo wako


29 Novemba

Mdogo wangu,

Ndiyo.

Nilitaka niishie hapo, maana umesema neno moja. Lakini neno hilo likibaki peke yake litakuwa la uongo, kwa hiyo soma mpaka mwisho.

Yule msichana wa meno aliniambia tangu mwezi wa sita. Alinifungua mdomo, akauliza kama alivyouliza muuguzi wako. Akaniambia, "Mama, mdomo usio na mate hauna wa kuuosha. Sukari ikiingia inakaa. Na ule ukali wa limau unalimenya jino." Akasema niache siku hiyo hiyo. Nitafune chingamu zisizo na sukari, ninywe maji kidogo kidogo, nipake dawa yake asubuhi na jioni. Nikamwambia sawa, mwanangu. Nikatoka, na kabla sijavuka geti la hospitali nilikuwa na pipi moja shavuni.

Chingamu nilijaribu. Mdomo ukabaki kama ndani ya kiatu. Maji yanapita tu, hayakai. Pipi zako ndicho kitu pekee kilichonirudishia mdomo wangu, hata kama ni kwa muda wa pipi moja. Katika muda huo niliongea na watu. Nilimweleza mpwa wako jinsi ya kusikiliza mkate kwa kuugonga chini, maelezo marefu, bila kusimama. Nilimtania shemeji yako akacheka mpaka akashika ukuta. Kisha inakwisha, nachukua nyingine. Nilijua ninachokifanya. Sitaki mtu aninyang'anye hilo, hata wewe kwa huruma yako.

Ile katoni sikuwagawia watoto. Niliila mimi, mpaka jino la kwanza lilipobaki kwenye uji. Hapo ndipo nilipoogopa.

Na kuna jingine. Upande ule ulioniuma, sikungoja hospitali. Nilikwenda kwa mng'oa meno wa karibu na soko. Habari ya mionzi sikumwambia, angekataa. Akang'oa. Tundu halikufunga mpaka leo. Nikipitisha ulimi nagusa mfupa. Hospitali wamepiga picha, wanasema kipande kile cha taya kimekufa, lazima kikatwe. Upasuaji ni mwezi wa kwanza. Shemeji yako amejua jana. Hakunigombeza. Alikwenda kusimama langoni kwake, na ilikuwa Jumapili.

Kwa hiyo ndiyo, ni pipi zako, na ni mionzi, na ni mimi. Ukitaka kubeba, beba fungu lako tu, mengine uniachie.

Tena, mdogo wangu. Tanuru lenu limezimwa, limewashwa, limegoma, limewekwa matofali. Hivi saruji mnatengeneza lini? Mimi si mtoto. Najua kuona kunatisha kuliko kusoma. Hata mimi kioo nimekigeuza ukutani. Lakini nakwenda kukatwa taya, na baada ya hapo sijui nitaongea vipi. Kama unataka kunisikia, njoo sasa. Usilete kitu chochote.

Dada yako


8 Desemba

Dada,

Nimeisoma.

Nakuja. Basi la Alhamisi ya wiki ijayo, linafika alasiri. Usije stendi, jua ni kali. Nitafika mwenyewe nyumbani.

Mdogo wako


2 Machi

Mdogo wangu mpendwa,

Salamu kwako, kwa wifi yangu na kwa wanangu. Shemeji yako anakusalimu, na mpwa wako pia. Amepata kazi, ofisi ya mahesabu, anavaa viatu vya kisigino. Alitaka kuikataa abaki dukani. Nikamwandikia kwenye karatasi: nenda. Duka tumelifunga mwisho wa mwezi. Tanuri limenunuliwa, na walipolitoa ilibidi wabomoe ukuta wa mbele.

Nimetoka hospitali. Kipande cha taya walikata, upande wa kulia, na kidonda safari hii kimefunga. Hilo ndilo jema, lishike. Shavu limeingia ndani kama trei iliyokanyagwa, na kidevu kimevutwa upande. Naongea, lakini wanaonielewa ni wawili wa humu ndani tu. Chakula ni cha kunywa. Mate hayajarudi, na daktari ameacha kusema "labda". Nina chupa yangu ya maji na kijiko cha mafuta ya kupaka ulimi. Nimeanza kuzoea, kwa maana ya kwamba silii tena kila nikiamka.

Sikukushukuru ipasavyo kwa zile siku ulizokaa nasi. Ulikaa mezani mpaka nilipomaliza uji wangu, kila siku, na uji wangu unachukua muda wa mtu kwenda sokoni na kurudi. Ulisoma gazeti moja hilo hilo. Nilikohoa, na hukuinuka. Shemeji yako alikuangalia, naye akajifunza kutoinuka. Ahsante kwa hilo.

Kuna jambo moja hatukulisema, nami nataka liwe limesemwa kabla hujaja tena.

Uliniambia nisije stendi. Nilikuja. Nilisimama karibu na dirisha la tiketi, nimevaa gauni la kijani. Ulishuka na begi begani, ukatazama huku na huku, ukanitazama na mimi, macho yako yakapita. Ulinipita karibu kiasi kwamba nilisikia harufu ya kazi yako kwenye koti. Nilitaka kukuita. Ulimi ulikuwa umeganda, na hata ungebanduka, sauti isingefika popote kwa kelele zile. Nikakufuata, nikakushika mkono wa koti. Ukageuka. Ukasema kwa upole, "Shikamoo, mama," kama unavyomsalimia mtu mzima usiyemjua, labda anataka kuulizia basi.

Nikaitikia, "Marahaba." Ningesema nini kingine?

Halafu ukanitazama vizuri, nikaona ulivyonijua. Ukaanza kusema begi lilikuwa zito, jua lilikuwa machoni. Nikakubali, nikasema ndiyo, jua limekuwa kali mwaka huu. Tukatembea mpaka nyumbani tukizungumzia jua.

Sikuandikii haya ili uumie. Na usiniombe radhi, barua ya namna hiyo nitairudisha bila kuifungua. Nakuandikia kwa sababu uso ule ulioupita stendi ulikuwa bado na taya lake. Sasa umebadilika tena, na ukija mwezi wa nne hutanijua mara ya pili. Safari hii nataka isikukute ghafla. Kwa hiyo ukishuka usihangaike kunitafuta, wala usichungulie nyuso za watu. Simama tu pale mlangoni mwa basi na begi lako. Mimi nakujua. Nitakuja hapo ulipo.

Dada yako